VIDUDU VYEMA VIKAAVYO NDANI YA MICHE

Watoto, mtu akitaja neno «vidudu», mara tunafikiri magonjwa: kipindupindu, kifua kikuu, tifo. Kwa hiyo tunanawa mikono, tunachemsha maji ya kunywa, nasi tunafanya vema. Lakini si vidudu vyote vilivyo adui wa watu. Viko vingine vingi vinavyofanya kazi usiku na mchana kwa faida yetu, wala hatuvioni, wala hatuvishukuru.

Katika somo hili tutajifunza habari za vidudu vikaavyo ndani ya miti michanga: katika mizizi yake, katika shina lake, na hata katika majani yake. Tena tutajifunza namna ya kuvipokea vizuri katika bustani ya miche, maana mwenye kupanda miti pasipo kuvijua hupata taabu bure.

1. Safu mbili za miche

Tuseme kuna bustani ya miche yenye safu mbili za vifuko. Safu zote mbili ni za akasia. Mbegu zilitoka katika mti mmoja, zikapandwa siku moja. Kivuli ni kimoja, na maji ni ya kisima kimoja. Baada ya miezi miwili, miche ya safu ya kwanza ina majani ya kijani kibichi na shina imara. Miche ya safu ya pili ni mifupi, majani yake ni ya manjano, na shina lake ni jembamba kama kijiti cha kiberiti.

Watu wanaopita njiani watasema mengi. Huyu atasema, «Mbegu zilikuwa mbaya.» Yule atasema, «Kuna mtu mwenye wivu aliyeitazama.» Mwingine atasema, «Walipanda mwezi usiofaa.» Lakini mwenye akili hachoki kutafuta sababu. Achukue mche mmoja wa kila safu, apasue kifuko, aoshe mizizi polepole katika maji, halafu atazame.

Ataona nini? Juu ya mizizi ya mche wa kijani kuna vinundu vidogo vidogo, vingine kama punje ya mtama, vingine kama punje ya mchele. Juu ya mizizi ya mche wa manjano hakuna kitu. Tena akiuliza udongo ulitoka wapi, ataambiwa kwamba vifuko vya safu ya kwanza vilichanganywa na udongo uliochotwa chini ya akasia mzee. Vya safu ya pili vilijazwa mchanga mtupu wa mtoni.

Sababu ndiyo hiyo. Si wivu wa jirani, wala si mwezi.

Msidhani ni jambo dogo. Mche dhaifu ukipelekwa shambani wakati wa mvua, utakufa kiangazi kitakapokuja. Pamoja nao itapotea kazi ya miezi mingi: kuchota maji, kupalilia, kujenga kivuli. Na mahali miti inapokosa kuota, mama zetu huenda mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni, na mvua huchukua udongo mzuri na kuushusha mtoni. Huko Kivu, makala mengi ya mji wa Goma yametoka katika miti iliyokatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Mti mmoja unaoota vizuri katika shamba letu ni mti mmoja ambao hautatafutwa msituni.

2. Vidudu hivi ni nini?

Vidudu hivi huitwa bakteria. Bakteria si wadudu kama chungu au nzi. Hawana miguu, hawana macho, hawana kichwa. Kila mmoja ni chembe moja tu iliyo hai. Ukitaka kujua udogo wake, chukua rula yako, utazame milimetri moja. Katika nafasi ile ndogo, bakteria wa mizizi wapatao 500 wanaweza kupangwa mmoja nyuma ya mwingine. Kwa hiyo hatuwezi kuwaona kwa macho matupu. Tunahitaji chombo chenye vioo vya kukuza, kiitwacho hadubini.

Bakteria huongezeka kwa kugawanyika. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Kwa njia hii, wachache walioingia katika mzizi huwa mamilioni ndani ya kinundu kimoja.

Bakteria watengenezao vinundu katika mizizi ya maharagi, karanga, soya, akasia na lusina huitwa rizobia. Jina hili limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni «waishio katika mzizi».

3. Njaa katikati ya chakula

Sasa tuulize: vidudu hivi vinaupa mche nini?

Kila kiumbe chenye uhai kinahitaji azoti. Watu wengine huiita naitrojeni. Pasipo azoti mti hauwezi kutengeneza rangi ya kijani ya majani yake, wala mtoto hawezi kujenga nyama ya mwili wake. Maharagi, samaki, mayai na nyama hutupa nguvu ya kukua kwa sababu vina azoti ndani yake.

Azoti iko wapi? Iko kila mahali! Katika sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni azoti. Mti umesimama ndani ya azoti kama samaki ndani ya maji.

Walakini mti hauwezi kuitumia. Kwa nini? Kwa sababu chembe za azoti ya hewani zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi sana, kama ndugu wawili waliokumbatiana wasiotaka kuachana. Jani haliwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana mche katika mchanga mtupu hufa njaa, ingawa chakula kimeuzunguka pande zote. Ni kama mtu mwenye njaa aliyekaa mbele ya ghala iliyofungwa, asiye na ufunguo.

Watu wamejenga viwanda vikubwa vya kufungua ghala hiyo, ili watengeneze mbolea. Katika viwanda hivyo hewa hushindiliwa kwa nguvu kubwa mno, na moto hufika digrii 400 na zaidi. Viwanda hivyo hula mali nyingi sana. Lakini bakteria mdogo hufanya kazi ile ile ndani ya udongo, pasipo moto, pasipo chuma, pasipo kelele. Mwenyezi Mungu amempa kiumbe mdogo kabisa ufunguo ambao tembo hana.

4. Jinsi mgeni anavyoingia

Rizobia hawazaliwi ndani ya mbegu ya akasia. Wanakaa katika udongo na kungoja. Mbegu ikiota, mzizi mchanga hutoa maji yenye dawa fulani. Dawa hiyo ni kama kubisha hodi. Bakteria akiitambua, naye hujibu kwa dawa yake. Kila mti na rafiki zake wana lugha yao. Bakteria wa maharagi hatasikia wito wa akasia, wala wa akasia hatasikia wito wa maharagi, isipokuwa wachache wanaosikia lugha nyingi.

Wakielewana, unywele mwembamba wa mzizi hujikunja kama kidole na kumshika mgeni. Kisha mti hujenga njia nyembamba ndani ya unywele ule, na bakteria hupita humo mpaka ndani. Huko mzizi huvimba, ukawajengea nyumba. Nyumba hiyo ndiyo kile kinundu tulichokiona.

Ndani ya kinundu hufanyika biashara ya haki. Mti huwapa bakteria sukari, iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Bakteria huupa mti azoti iliyo tayari kuliwa. Hakuna anayemwibia mwenzake.

Ukikata kinundu kilicho hai kwa wembe, utaona ajabu nyingine: ndani ni chekundu kidogo, kama nyama. Rangi hiyo hutoka katika kitu kinachofanana na kile kinachotia wekundu damu yetu. Kazi yake ni kushika oksijeni. Bakteria wanahitaji oksijeni kidogo ili waishi, lakini ikiwa nyingi huharibu ule ufunguo wao. Basi kitu hicho chekundu huigawa kwa kipimo. Kinundu chekundu kinafanya kazi. Kinundu cha kijani au cha rangi ya udongo kimezeeka. Kinundu cheupe ndani bado ni kichanga, ama kina wageni wavivu.

5. Jinsi watu walivyogundua siri hii

Tangu zamani wakulima walijua kwamba nafaka hustawi mahali palipovunwa maharagi au dengu. Warumi wa kale walifanya hivyo. Virgilio, mtunga mashairi wao, aliandika shauri hilo katika kitabu chake cha kilimo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mababu zetu nao walipanda mazao ya namna hii pamoja, au moja baada ya jingine. Wote walijua kwamba inafaa, lakini sababu hawakuijua.

Mwaka 1886 Mjerumani mmoja, Hermann Hellriegel, alitangaza matokeo ya kazi aliyoifanya pamoja na mwenzake Hermann Wilfarth. Walipanda mbaazi za Ulaya katika vyungu vya mchanga usio na azoti. Katika vyungu vingine walitia maji yaliyochujwa katika udongo wa shamba. Katika vingine walitia maji ya namna ile ile, lakini yaliyochemshwa kwanza. Mbaazi zilizopata maji yasiyochemshwa ziliota vinundu, zikastawi. Zile za maji yaliyochemshwa zilidhoofika.

Fikirini, watoto: kuchemsha hakuondoi chumvi ya udongo. Kuchemsha huua kilicho hai. Basi ikajulikana kwamba msaada ule ulitoka kwa viumbe hai. Mwaka 1888 Mholanzi mmoja, Martinus Beijerinck, akafaulu kuwatenga bakteria wale kutoka katika vinundu na kuwakuza peke yao.

6. Mchanga wa Mampu

Tusiishie Ulaya. Twende katika nchi yetu wenyewe.

Upande wa mashariki wa Kinshasa, mwendo wa kilometri 140 hivi, kuna mahali paitwapo Mampu, juu ya uwanda wa Bateke. Udongo wake ni mchanga mtupu, na zamani palikuwa na majani makavu yaliyochomwa moto mara kwa mara. Nani angetumaini msitu mahali pale?

Kati ya mwaka 1987 na 1993 ilipandwa miti kwenye hektari 8,000 hivi. Mti uliochaguliwa ni akasia wa Australia na Guinea Mpya, ambao wataalamu humwita Acacia auriculiformis. Akasia huyu huota vinundu. Kwa hiyo aliweza kula hewa mahali udongo ulipokuwa maskini. Majani yake yalianguka, yakaoza, yakatia mbolea katika mchanga.

Baadaye shamba hilo kubwa liligawiwa jamaa zaidi ya 300, kila jamaa hektari 25. Jamaa hukata sehemu ya miti baada ya miaka 10 hivi, hutengeneza makala, na kuyauza mjini Kinshasa. Kisha huchoma matawi yaliyobaki, mara moja tu na kwa uangalifu. Joto la moto huamsha mbegu za akasia zilizolala udongoni, zikaota zenyewe. Katikati ya miche ile jamaa hupanda mahindi na mihogo. Mazao yakivunwa, akasia huachwa wakue tena. Nyuki nao huja, na watu hupata asali. Hivyo mahali pamoja hutoa chakula, makala, asali na udongo ulio bora. Chanzo cha yote ni mti pamoja na vidudu vyake.

7. Mvinje na jongoo

Kuna miti isiyo ya jamaa ya maharagi ambayo nayo ina vinundu. Mmoja ni mvinje, uotao sana pwani. Bakteria wake si rizobia. Huitwa Frankia, nao wanafanana na nyuzi nyembamba.

Karibu na Mombasa, katika nchi ya Kenya, ni mahali paitwapo Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe hapo hata pakawa shimo kubwa la mawe matupu, lenye joto kali na maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina nyingi, lakini zilizoishi zilikuwa chache. Mmoja ulioishi ni mvinje.

Hata hivyo kazi ilikuwa haijaisha. Majani ya mvinje yalianguka, lakini hayakuoza upesi. Yalilala tu juu ya mawe. Haller akaleta jongoo wekundu, kwa maana aliona kwamba wanayala. Jongoo wakala, mavi yao yakawa udongo. Miti mingine ikaota, ndege wakaja, na leo mahali pale ni msitu na mabwawa ambayo watu huenda kuyatazama.

Tazameni: bakteria hulisha mvinje, mvinje hulisha jongoo, jongoo hutengeneza udongo, na udongo hulisha msitu. Ukimwondoa mdogo, mkubwa ataanguka.

8. Vidudu vya majani na vya shina

Je, wote hukaa katika mizizi? Hapana. Katika Afrika kuna miti midogo ya jamaa ya kahawa, ambayo wataalamu huiita Psychotria. Baadhi yake ina madoa meusi katika majani. Mtu atafikiri ni ugonjwa, kumbe kila doa ni nyumba ya bakteria. Hawa hawangoji udongoni. Mama humpa mtoto ndani ya mbegu, kama mama ampavyo mtoto wake urithi. Mche ukinyimwa bakteria wake, hudumaa na kufa.

Hapo mwanzo wataalamu walifikiri kwamba nao hutega azoti. Baadaye walipochunguza zaidi waliona sivyo. Katika aina moja iitwayo Psychotria kirkii, bakteria hutengeneza dawa inayodhuru wadudu. Mgeni wa namna hii si mpishi, ni askari mlinzi.

Huko Marekani kuna mti uitwao popla. Popla huota kando ya mito, juu ya kokoto zilizooshwa, mahali pasipo na chakula. Hauna vinundu. Lakini Sharon Doty, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, alichunguza matawi yake akakuta bakteria ndani kabisa ya shina. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kwamba ndani ya matawi ya popla za porini azoti ya hewa hugeuzwa kuwa chakula, ingawa matawi mengine hufanya hivyo kuliko mengine. Tena bakteria hao wakitiwa katika miche mingine, huisaidia kukua.

9. Si kila mti ulio na vinundu

Mwanafunzi mmoja ataweza kuuliza, «Mwalimu, je, kila mti wenye ganda kama la maharagi una vinundu?» Swali jema. Jibu ni: hapana. Miti mingi ya miombo ya Katanga, kama muputu, ina maganda, lakini haina vinundu. Hiyo imefanya urafiki na uyoga. Nyuzi za uyoga hushikamana na mizizi yake na kuitafutia chakula mbali. Uyoga ule tunaouokota msituni wakati wa mvua, mwingi ni tunda la urafiki huo. Kwa hiyo mtu akifyeka miombo yote, uyoga nao hautaonekana tena.

10. Kazi ya mwenye bustani ya miche

Sasa tuseme mambo ya kutenda.

Kwanza, loweka mbegu. Mbegu za akasia zina ganda gumu. Zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, uziache humo zipoe na zilale usiku mmoja, ndipo uzipande.

Pili, karibisha wageni. Nenda chini ya mti mzima wa aina ile ile, wenye afya. Ondoa majani ya juu, chota udongo mahali penye mizizi myembamba, uuchanganye na udongo wa vifuko. Kikapu kimoja katika vikapu kumi chatosha. Usichukue udongo chini ya mti mgonjwa, usije ukaleta ugonjwa badala ya rafiki. Usiuache udongo ule juani, kwa sababu ukikauka na kupata joto, wengi watakufa.

Tatu, usizidishe mbolea yenye azoti. Mche ukipewa azoti nyingi bure, hufunga mlango wake. Hauwaiti tena bakteria. Siku mbolea itakapokwisha, utabaki bila mbolea na bila rafiki. Mtoto anayefanyiwa kila kitu hajifunzi kufanya kazi, na mche ni vivyo hivyo.

Nne, usiuzamishe mche katika maji. Mizizi huhitaji hewa, na azoti ya bakteria hutoka katika hewa hiyo hiyo.

Tano, uchunguze kabla ya kupanda. Toa mche mmoja, oshe mizizi, kata kinundu. Kikiwa chekundu, furahi. Kisipokuwapo kinundu chochote, usikimbilie shambani. Ongeza udongo wa chini ya mti mzee, ungoje majuma machache.

Sita, usiuchome moto uwanja kila mwaka. Moto wa kila mwaka hula majani yanayofunika udongo, huua miche, na kuuacha udongo wazi kwa jua na mvua.

Saba, panda kwa akili. Akasia mgeni asipelekwe ndani ya msitu wa asili, kwa kuwa anaweza kuenea na kuisonga miti ya kwetu. Mahali pake ni shamba lililochoka na uwanda uliobaki mtupu.

Na baada ya kazi ya udongo, nawa mikono kwa sabuni. Katika udongo rafiki na adui hukaa pamoja.

11. Fundisho

Mti mkubwa huonekana na watu wote. Watu hukaa chini ya kivuli chake, wakausifu. Hakuna anayesifu kile kinundu kilicho gizani chini ya udongo. Hata hivyo pasipo kinundu kile, kivuli kisingekuwapo.

Watoto, wengine wenu mnadhani kwamba ninyi ni wadogo mno, na kazi yenu haina maana: kuchota ndoo moja ya maji, kung'oa magugu ya mstari mmoja, kumsaidia mwenzi asiyejua hesabu. Haba na haba hujaza kibaba. Mungu aliyewapa bakteria kazi yao hakumwacha mtu ye yote bila kazi. Nanyi mpokee kwa haki na mtoe kwa haki, kama mti na mgeni wake.

MAULIZO

1. Kwa nini miche ya safu ya pili ilikuwa ya manjano?
2. Katika sehemu 100 za hewa, azoti ni sehemu ngapi? Kwa nini mti hauwezi kuitumia peke yake?
3. Mti huwapa bakteria nini? Bakteria huupa mti nini?
4. Kwa nini Hellriegel na Wilfarth walichemsha maji ya vyungu vingine?
5. Eleza jinsi jamaa za Mampu zinavyopata chakula na makala katika shamba moja.
6. Bakteria wa Psychotria na bakteria wa akasia wanatofautiana namna gani?
7. Utafanyaje ukikuta mche hauna vinundu?

KAZI YA MIKONO

Osheni mchanga wa mtoni, muuchemshe katika chungu, uache upoe. Ujazeni katika makopo mawili yaliyotobolewa chini. Tieni majivu kidogo sana katika kila kopo, sawasawa. Katika kopo la kwanza ongezeni konzi moja ya udongo kutoka shamba la maharagi yaliyostawi. Katika kopo la pili ongezeni konzi ya udongo ule ule, lakini uliochemshwa. Pandeni mbegu tatu za maharagi katika kila kopo, mkamwagilia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Baada ya majuma matano ng'oeni mimea polepole, oshani mizizi yake, mhesabu vinundu. Andikeni katika madaftari yenu yale mliyoyaona kwa macho yenu, siyo yale mliyotumaini kuyaona.